Bimkubwa kachora mbuzi ya nazi, kadi ilikuwa ya mnyama. Pointi ni ya nani?

Mwana_Kimanga (mleta uzi)

Wakuu habari za jumatatu. Naombeni mnisaidie kuamua hii kesi maana jana nyumbani tumeachana bila kupatana, wifi yangu mpaka leo asubuhi salamu anaitikia kwa kuguna.

Iko hivi. Kila jumapili ya mwisho wa mwezi ukoo wetu tunakutana kwa bimkubwa hapa Tabata Kimanga, tunakula, jioni jua likipoa tunatandika jamvi nje tunacheza mchezo wa kuchora na kukisia. Kwa ambaye haujui, mnagawana timu, mtu mmoja wa timu anavuta kadi yenye neno, hasemi, haonyeshi kwa mkono, anachora tu, na wenzie wana dakika moja ya kulitaja. Wakilipata pointi yao, wasipolipata hawapati kitu, halafu kalamu inaenda upande wa pili. Herufi na namba marufuku kwenye karatasi.

Zamani tulikuwa na boksi alilokuja nalo binamu kutoka nje, kadi zote kiingereza. Bimkubwa na shangazi walikuwa wanakaa pembeni wanachambua mchele wanatutazama tu, na mimi ilikuwa inaniuma, maana hao ndo wenye nyumba na ndo tumewafuata wao. Mwezi wa tatu mdogo wangu akasema hapana, akanunua manila mbili stationari ya hapa njiani, tukazikata vipande vya ukubwa wa karata, tukaandika maneno ya kwetu kama 200 hivi. Pembeni ya neno tukaweka doa la rangi, kijani mnyama, bluu kitu, nyekundu kitendo, njano mtu au mahali. Kuanzia siku hiyo mchele unachambuliwa asubuhi na bimkubwa ndo kapteni wa timu yetu.

Sasa jana tuko 14 kwa 14, mchezo unaisha 15. Zamu yetu. Bimkubwa kavuta kadi, kaiangalia, kaifunika. Akashika makapeni akachora kwanza kama kigoda kifupi, miguu imepishana kama mkasi uliofunguliwa. Halafu mbele akatoa kitu kama ulimi, na mwisho wa ulimi akaweka meno, moja moja, taratibu, mimi moyo unaenda mbio taima ya simu inasoma sekunde 30. Madogo wanapiga kelele mamba! msumeno! kiti cha kukunja! Bimkubwa hageuki. Akaweka nusu duara juu ya yale meno, akadondosha vitone vidogo vidogo chini, na chini ya vitone akachora bakuli. Shangazi ambaye alikuwa kimya muda wote akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbuzi."

Zilibaki sekunde 8. Tumeruka, mtoto mmoja kamwaga chai. Wifi akanyanyua ile kadi akaigeuza watu wote waone. MBUZI, na pembeni doa la kijani. Mnyama.

Timu ya wifi wanasema amechora kitu kingine kabisa, ile mbuzi ya kukunia nazi, neno la kadi ni mnyama, hakuna pointi. Sisi tunasema kadi imeandikwa mbuzi, shangazi kasema mbuzi, nini tena kinatafutwa. Bimkubwa mwenyewe kasema doa hakuliona, giza lilikuwa limeshaingia. Naombeni hukumu na muwe wakweli hata kama mtanikata.

dogo_la_mbagala

Pointi ya bimkubwa. Neno limetajwa ndani ya muda, mengine ni kutafutana tu.

binti_sinza

Mi sikubali mkuu. Mliweka madoa ya nini sasa? Kama doa halina maana basi mngeandika neno tupu. Mkishakubaliana kijani ni mnyama, anayechora anatakiwa achore mnyama. Hapo wifi yako yuko sahihi na msimnunie, mtu anayesimamia sheria mliyoitunga wenyewe anaonewa bure.

dogo_la_mbagala

@binti_sinza lakini wanaokisia hawajaliona doa, wao wanaona picha tu. Shangazi wa watu kakosea wapi?

binti_sinza

Shangazi hajakosea. Ila pointi ni ya timu na mchoraji ni sehemu ya timu.

Mzee wa Pantoni

Habari zenu vijana. Mimi huu mchezo nimeucheza tangu niko kijana bandarini, kuna baharia mmoja alituachia boksi lake, tukawa tunacheza zamu ya usiku tukisubiri meli. Niwaeleze kidogo ulikotoka maana inasaidia kwenye kesi hii.

Jina linalojulikana zaidi ni Pictionary. Umetoka Seattle, Marekani, mwaka 1985. Aliyeutengeneza anaitwa Rob Angel, alikuwa mhudumu wa mgahawa, na kabla ya hapo yeye na wenzake walikuwa wanacheza tu nyumbani, wanachukua neno kwenye kamusi wanachoreana. Alipoamua kuufanya biashara akakaa na kamusi, akaipitia akichagua neno moja moja lile linalochoreka. Boksi 1,000 za kwanza walizipanga kwa mikono kwenye nyumba aliyokuwa anaishi, kadi kwa kadi. Baadaye ukaenea dunia nzima, na mwaka 2001 ukanunuliwa na Mattel, wale wale wa Barbie.

Kadi zake zina mafungu matano. Kuna fungu la mtu, mahali au mnyama, kuna la vitu, kuna la vitendo, kuna la maneno magumu, na la mwisho ni timu zote zinachora neno moja kwa wakati mmoja. Mchoraji analijua fungu na wanaokisia nao wanalijua, maana linaonekana kwenye kibao mnachotembezea. Hapo ndo pa kuangalia mleta uzi. Kama kwenye boksi fungu liko wazi kwa wote, na nyie mliweka doa, wenzake walitakiwa waambiwe kabla ya taima kuanza kwamba anachora mnyama. Mlitangaza?

Jambo la pili, kwenye sheria za boksi kuchora sikio ili kuwaambia wenzio kwamba neno linafanana sauti na lingine hairuhusiwi, na kupiga vistari vya kuhesabu herufi pia hairuhusiwi. Maana yake wenye mchezo walitaka uchore kitu chenyewe, sauti isikubebe.

Mwana_Kimanga

Mzee shikamoo, na asante sana. Hapana, hatukutangaza. Huwa hatutangazi, doa analiona mchoraji peke yake. Kumbe tumekuwa tunakosea tangu mwezi wa tatu.

Mzee wa Pantoni

Marahaba. Hamjakosea, mmetunga ya kwenu. Ila mkitunga mtunge mpaka mwisho.

Konda Mstaafu

Nimesoma nimecheka kwa furaha, kwetu Temeke ilitokea hivi hivi kwenye neno MISHIKAKI. Kijana kachora pikipiki, dereva mbele na abiria wawili nyuma wamebanana. Timu nzima kwa pamoja "mishikaki!" Mwenye kadi alikuwa anafikiria nyama kwenye vijiti, aliyeiandika ni mama mmoja muuza mishikaki kabisa anachoma kila jioni hapo barabarani. Yule mama mwenyewe ndo akasema wapeni pointi, maana hata yeye jina la kubebana watatu kwenye boda limetoka kwenye nyama yake.

Kwahiyo mi nawapa bimkubwa.

Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa kiswahili shule ya msingi, huu mchezo nautumia darasani karibu miaka sita sasa, darasa la tatu na la nne. Watoto ni wengi, kwahiyo nagawa ubao mara mbili kwa mstari, timu ya dirishani na timu ya mlangoni, mmoja wa kila upande anakuja na chaki. Mtoto ambaye mwaka mzima hanyooshi mkono ukimpa chaki achore mvuvi utamshangaa.

Hili la mbuzi nakutana nalo kila wiki maana lugha yetu imejaa maneno ya aina hiyo. Paa ni mnyama, paa ni la nyumba, na ndege pia inapaa. Kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa kitako. Kanga tunavaa na kanga anataga mayai. Tembo wa Mikumi na tembo ya mnazi. Nyanya anayekulea na nyanya ya kachumbari. Kiboko wa mtoni na kiboko cha mwalimu wa zamani. Ukifungua kamusi utakuta maneno kama paa yameandikwa mara kadhaa, kila moja na kinamba chake kidogo juu, maana watunga kamusi wanayahesabu ni maneno tofauti yaliyogongana sura.

Kwahiyo ukiniuliza kwa kamusi, mbuzi aliyoichora mama na mbuzi wa kwenye kadi ni maneno mawili. Lakini sikilizeni jinsi ninavyoyasema. Mbuzi *huyu*. Mbuzi *hii*. Hakuna mtu wa hapa anayekosea hilo, hata mtoto wa chekechea hasemi mbuzi huyu akiwa anaonyesha ya kukunia nazi. Paa huyu, paa hili. Kaa huyu, kaa hili. Ndege huyu, ndege hii. Tembo huyu, tembo hii. Kiboko huyu, kiboko hiki. Lugha yenyewe imeshatenganisha, sisi ndo tunaandika kadi kama za kiingereza, neno tupu, halafu tunaanza kutafuta madoa ya rangi.

Mimi kadi zangu zote zina neno na hilo neno la kuonyesha pembeni. MBUZI HUYU. Tangu nianze hivyo ubishi darasani umepungua sana, na nimepata faida nyingine ambayo sikuitegemea, watoto wanajifunza ngeli bila mimi kutamka neno ngeli. Wakati wa kujibu pia nawataka waseme vyote viwili, ukisema "mbuzi" tu hujamaliza, sema "mbuzi huyu".

binti_sinza

Mwalimu hapo umenimaliza. Huyu na hii, nimeishi na hiki kiswahili miaka 31 sijawahi kuwaza hivyo.

dogo_la_mbagala

Ticha na vitendo unafanyaje? Maana sisi tunagombana sana kwenye MVUVI, mtu kachora jamaa na wavu watu wanasema kuvua, uvuvi, anavua samaki, mwenye taima anasema bado, mpaka muda unaisha na kila mtu anajua kilichochorwa.

Chaki Nyeupe

@dogo_la_mbagala swali zuri. Darasani tuna mshale. Ukizungushia kichwa cha mtu duara, neno ni mtu, mvuvi, mpishi, mkulima. Ukipiga mshale kwenye mkono unaofanya kazi, neno ni kitendo, kuvua, kupika, kulima. Ukichora vitu viwili vinavyofanana, kikubwa na kidogo, na mshale ukaenda kwa kidogo, tunatafuta neno la ki-, yaani kijumba, kijito, kijiko sio mwiko. Tunayatangaza kabla na timu zote zinayajua, kwahiyo hakuna anayemwibia mwenzie. Herufi na namba hapana, alama ya kukubaliana ndio.

Ila kuvua mwangalie maana kuna kuvua samaki na kuvua shati. Mtoto mmoja mwaka jana alichora mtu anavua shati, kadi ilikuwa ya samaki, na darasa lote likasema kuvua. Nilimpa pointi kwa sababu kadi yangu ilikuwa imeandikwa KUVUA tupu. Kosa la kadi analibeba mwenye kadi.

Konda Mstaafu

"Kosa la kadi analibeba mwenye kadi." Mleta uzi hukumu si ndo hiyo? Kadi nani kaiandika?

Mwana_Kimanga

Kadi ya mbuzi kaiandika wifi mwenyewe. Mwandiko wake naujua.

binti_sinza

Naomba mtu asimpelekee hiyo kama silaha jamani. Mpelekee ile ya huyu na hii.

Fundi Brashi

Mimi ni mchoraji, nachora vibao vya maduka na vibanda vya chipsi, kwahiyo naomba niongelee upande wa kuchora kwenyewe maana naona watu wengi wanakaa nje ya huu mchezo kwa kusema sijui kuchora. Nimecheza na wachoraji wenzangu na nimecheza na watu ambao hawajashika kalamu tangu waache shule, na wachoraji tunashindwa mara nyingi. Sababu ni moja, tunapenda kumaliza. Mtu ana sekunde 60 anaweka kivuli kwenye sikio la tembo.

Ujanja ni kuanza na kile ambacho kitu kingine hakina. Mfano DALADALA. Karibu kila mtu anachora gari, madirisha manne, matairi mawili, sekunde 20 zimeenda na watu wanasema basi, gari, hiace, coaster, mwendokasi, ambulansi. Wote wako sahihi kwa hiyo picha. Mimi naanza na mlango, naweka mtu ananing'inia mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, mkono mmoja juu. Gari lenyewe sijalichora bado na watu wameshasema daladala, maana hakuna gari lingine mjini lenye konda pale. Ukitaka MWENDOKASI usichore basi kabisa, chora barabara kwa juu, njia mbili za pembeni zimejaa magari, ya katikati tupu na basi moja refu. MAMA NTILIE usihangaike na uso wake, weka sufuria tatu na benchi lenye watu wanne wameinama. PANTONI ni sahani bapa juu ya maji na watu wengi wamesimama karibu na magari, boti haiwi na magari.

Na chora kikubwa. Hili nimelitoa kwenye Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza hapa hapa Dar mwaka 1968, anachora kwenye vipande vya mbao bapa kwa rangi ya mafuta ile ya kupakia baiskeli, na ukiangalia kazi zake mnyama anajaza ubao mzima, mmoja, mstari wa pembeni umekaza. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kuchora, na leo mtu akiona chui wake kwa mbali ng'ambo ya barabara anajua ni chui. Kwenye huu mchezo mnakaa watu saba kwenye jamvi, wa nyuma haoni kitu kama umechora kidogo kwenye kona. Jaza karatasi.

Ndo maana huyo mama yako namvulia kofia. Kigoda, ulimi, meno, nazi, vitone, bakuli. Hakuchora mstari hata mmoja wa ziada. Ile picha bado ipo? Usiitupe.

Mwana_Kimanga

Ipo fundi. Shangazi kaikunja kaiweka kwenye pochi yake.

mkaazi_kigamboni

Wakuu kwa walio mbali na ndugu zao, sisi wa kwetu wako Mwanza na mmoja yuko Muscat, tunacheza kwenye simu. Kuna tovuti inaitwa skribbl.io, haina haja ya kupakua chochote, unafungua chumba chako, unawatumia wenzio kiungo. Mmoja anachora kwa kidole wengine wanaandika majibu. Kizuri ni kwamba unaruhusiwa kuingiza maneno yako mwenyewe, tenganisha kwa mkato, kwahiyo tuliweka ya kiswahili kama 90 hivi na inafanya kazi vizuri. Ubaya ni kwamba kompyuta inataka herufi zile zile, ukiandika ngombe bila kile kikoma cha juu na neno liliingizwa ng'ombe inakukatalia na wewe umeshaona. Kwahiyo wakati wa kuingiza maneno yaandikeni kama watu wanavyoandika kwenye simu.

Na ule mwingine wa Gartic Phone ni mtamu kwa kundi kubwa, unaandika sentensi, anayefuata anaichora, anayefuata anaona picha tu anaandika alichoona, inazunguka hivyo mpaka mwisho. Tuliweka methali. Mama yangu mdogo aliandika "mtaka cha mvunguni sharti ainame", mwingine akaichora, mwingine akaandika alichoona, ikaisha ikiwa "mzee anatafuta ndala chini ya kitanda". Ukiangalia vizuri hiyo ndo methali yenyewe.

Mama_Amina_wa_Ilala

Naomba niseme kitu kimoja, niliogopa kidogo kuandika.

Mwanangu wa pili, ana miaka 12, ni kiziwi. Michezo mingi ya ndugu anabaki anatabasamu tu, nyimbo, vitendawili, stori, vyote vinapita juu. Huu wa kuchora ndo wa kwanza ambao tulikaa wote na yeye akawa sawa na wengine, maana sheria inasema mchoraji hasemi. Dakika hiyo nyumba nzima iko kama yeye. Tulibadilisha kitu kimoja tu, wanaokisia hawapigi kelele, kila mtu ana kipande cha karatasi na penseli, ukijua unaandika unanyanyua. Inakuwa na utulivu fulani, unasikia penseli tu, halafu ghafla mikono mitano juu.

Sasa kuhusu hii kesi ya mbuzi. Mwanangu ukimchorea mbuzi ya nazi hataandika neno la mnyama hata kwa bahati, yeye hakisii kwa sauti, anakisia kwa kitu. Alishawahi kumwona kaka yake anapata pointi kwa namna hiyo, kwa neno ndege, akaniuliza kwa ishara kwanini, picha ni ya uwanja wa ndege na kadi ni kuku porini (ndivyo alivyoieleza). Nilishindwa kumjibu. Nikisoma hapa mwalimu anaposema andikeni huyu na hii naona ndo jibu nililokuwa nalitafuta. Jioni hii tunaandika kadi upya.

Chaki Nyeupe

Mama Amina umefanya vizuri sana kuandika. Hiyo ya karatasi na penseli naichukua, kesho kutwa naanza nayo darasani, kuna watoto wawili nyuma sauti zao huwa zinamezwa na wenye kelele.

Fundi Brashi

Mama Amina kama mtoto anapenda kuchora nitafute pm, nina vipande vya mbao na rangi zinabaki kila wiki.

Konda Mstaafu

Huu uzi umekuwa mzuri. Ila SIMBA mtaandikaje? Simba huyu ni mnyama, na Simba hii ni timu, sawa. Lakini mtu wa Yanga hatakubali kuchora hata moja.

Mzee wa Pantoni

Mtu wa Yanga mwenye pointi 14 kwa 14 atachora.

Mwana_Kimanga

Wakuu narudi na mrejesho, jumamosi tulikutana tena maalum kwa ajili hii.

Nilimsomea bimkubwa uzi wote toka juu mpaka chini, akasikiliza bila kuingilia, sehemu ya Mama Amina akaomba niirudie. Halafu akasema ile pointi ifutwe. Sio kwamba kashindwa, kasema tu kwamba kadi ilikuwa na makosa na yeye hataki ushindi wa kwenye kadi yenye makosa. Wifi akasema basi na yeye hataki ushindi wa giza, maana ni kweli taa ya nje haikuwashwa. Wakabaki wanarudishiana ile pointi kama watu wanagombania kulipa nauli. Tukaanza upya sifuri kwa sifuri.

Mchana wote tulishinda tunaandika kadi. Madoa tumeacha. Kila neno na la kwake, HUYU, HII, HILI, HIKI, vitendo vyote vimeanza na KU-. Bimkubwa na wifi walikaa benchi moja, wifi anaandika bimkubwa anamtajia, na hapo ndo nikagundua bimkubwa ana maneno ambayo madogo hawajawahi kuyasikia. Kifumbu, kile cha kukamulia tui. Susu, ile ya kuning'iniza chakula kisifikiwe na paka. Uteo, ule kama ungo wa kupepetea nafaka. Tumeyaweka yote, na kila akitaja moja anawachorea kwanza wajue, kwahiyo baadae hatuwezi kusema hatujawahi kuona. Zimefika 260.

Kwenye kukisia tumechukua ya karatasi na penseli kwa nusu ya kwanza ya mchezo, nusu ya pili kelele kama kawaida maana watoto waliomba. Na mchoraji anaangalia kadi chini ya taa.

Sasa lililotokea mwisho. 13 kwa 13, zamu ya timu ya wifi, anachora mshua. Kavuta kadi. Akachora mstatili, akaukunja pembe kidogo, akaweka kichwa cha mtu juu yake na macho yamefumba. Wifi kabla hajamaliza hata macho, "Mto huu!" Kadi ikageuzwa. MTO HUU.

Tukaangaliana. Aliyeandika ile kadi alikuwa mtoto wa miaka 9, tukamuuliza ulikuwa unamaanisha mto upi, akasema Msimbazi. Na huyu na hii haisaidii chochote hapo, mto wa kulalia ni huu na mto wa maji ni huu.

Kila mtu akamgeukia bimkubwa maana sisi ndo tulikuwa tunapoteza. Akaichukua karatasi ya mshua akaiangalia muda mrefu kidogo, akaiweka juu ya jamvi.

"Kimesemwa kilichoandikwa," akasema. "Wapeni."

Hakuna aliyebisha. 14 kwa 13, kalamu ikaja kwetu.